Rosa Mistika Katika Nyumba ya Mkristo

Kiko kitabu kimoja cha Kiswahili ambacho wazazi wengi Wakristo wa rika langu hawapendi kukiona mikononi mwa binti zao, nami ningependa kila nyumba ya Mkristo iwe na nakala yake. Ni riwaya ya Rosa Mistika ya marehemu Euphrase Kezilahabi. Nakala niliyo nayo sasa niliinunua kwa kijana anayetandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai hapa mtaani kwetu Kariakoo, ikiwa imelala katikati ya vitabu vya maswali na majibu ya kidato cha nne. Jalada limeliwa pembeni. Msomaji aliyenitangulia, ambaye bila shaka alikuwa mtu mwadilifu, alipiga mstari wa wino mwekundu chini ya kila sentensi aliyoiona kuwa chafu. Nimezifuata alama zake ukurasa kwa ukurasa. Hakupiga mstari hata mmoja mahali ambapo baba anampiga binti yake.

Katika wino huo mwekundu naiona historia nzima ya namna tulivyokisoma kitabu hiki. Kilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, na haukupita muda mrefu kikapigwa marufuku shuleni. Wakati huo mimi nilikuwa kijana katika chuo cha ualimu, na nakumbuka jinsi nakala moja ilivyozunguka bweni zima ikiwa imevikwa gazeti, kila mtu akipewa usiku mmoja. Baadaye kiliruhusiwa, kikaingia katika usomaji wa shule, na leo wanafunzi hukiandikia insha. Hata hivyo sifa yake mbaya haikufutika. Si zamani sana baba mmoja katika jumuiya yetu ndogo ya Kikristo alinijia baada ya sala, uso umemkunjamana, akaniuliza, "Mzee wangu, wewe ulikuwa mwalimu. Hiki si kitabu cha dhambi?" Nilimjibu kwamba dhambi zimo, tena nyingi, kama zilivyomo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, ambacho husomwa kanisani.

Sikusema hivyo kwa mzaha. Mwenye Biblia aifungue sura ya 13 ya kitabu hicho, asome habari za Tamari binti Daudi, aliyenajisiwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Mfalme Daudi alipopata habari alikasirika sana. Baada ya hapo Maandiko hayatuambii kwamba alisema neno lolote, wala kwa mwana wala kwa binti. Hasira ilikuwapo, maneno hayakuwapo, na nyumba nzima ikaangamia kuanzia hapo. Riwaya ya Kezilahabi, kwa maoni yangu, inasimulia nyumba ya aina hiyo, isipokuwa nyumba hii haiko Yerusalemu, iko Ukerewe.

Mwandishi alipajua alipopasimulia. Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, na ndipo alipoiweka familia ya Rosa. Alisoma seminari kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1970. Basi tusidhani kwamba ni mtu wa nje aliyekuja kulirushia Kanisa mawe. Ni mtoto wa sakristia aliyejua harufu ya ubani, na aliyejua vilevile mambo yanayotendeka nyumbani baada ya ubani kuzimika. Kitabu kilipotoka alikuwa na umri wa miaka 27 tu. Baadaye aliandika Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka, na mwisho zile riwaya fupi ngumu za Nagona na Mzingile, ambazo nakiri zinanichosha. Alifundisha Chuo Kikuu hapa kwetu, kisha Botswana, na akafariki hapa Dar es Salaam Januari 2020. Wataalamu wanavisifu zaidi vitabu vyake vya baadaye. Mimi hubaki na hiki cha kwanza.

Kwa asiyekisoma, mambo yenyewe ni haya kwa kifupi. Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina. Baba ni mlevi, mkali, na anachunga mabinti zake kama mali. Mvulana wa kijiji, Charles, anamwandikia Rosa barua. Baba anaigundua na kumpiga binti vibaya. Tangu hapo Rosa anawaogopa wanaume kama moto. Anapata nafasi katika shule ya wasichana ya Rosary, mbali na macho ya baba, na uoga ule unaanza kugeuka, kidogo kidogo, kuwa kinyume chake. Anapofika chuo cha ualimu Morogoro hana breki tena: wanaume, mimba, kutoa mimba. Anarudi nyumbani akitaka kuanza maisha mapya, Charles naye amerudi, wanataka kuoana; lakini Charles anapopata habari za maisha aliyoyapitia anamwacha. Rosa anajiua. Halafu, wakati msomaji anadhani mambo yamekwisha, mwandishi anatupeleka mbinguni, mbele ya mahakama ya Mungu, ambako baba na binti wanashitakiana.

Wanafunzi hufundishwa kusema kwamba dhamira ya riwaya hii ni "malezi makali huleta matokeo mabaya." Nimeisahihisha sentensi hiyo katika mamia ya karatasi na kila mara niliipa alama, kwa kuwa si uongo. Ila haitoshi. Ukali peke yake hauelezi yaliyompata Rosa. Wazazi wetu walikuwa wakali, bibi zetu walikuwa wakali kupita wao, na wengi wetu tumesimama. Kinachoelezwa na kitabu hiki ni ukali usio na mazungumzo. Msomaji na apekue kurasa zote atafute mahali ambapo mtu mzima anakaa na Rosa na kumweleza kwa utulivu mwili wake ni nini, mapenzi ni nini, na barua ya mvulana ijibiwe vipi. Nyumbani kuna fimbo. Shuleni kuna masista na sheria zao. Kote kuna ulinzi, na ulinzi una kasoro moja: siku mlinzi asipokuwapo, aliyelindwa hana chake cha kujilindia.

Hapa sina budi kutaja majina. Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya heshima ya Bikira Maria katika litania yake. Mkatoliki yeyote aliyewahi kusali rozari ya mwezi wa Oktoba analifahamu. Regina, jina la mama, ni Malkia, nalo limo katika litania hiyohiyo. Kwa hiyo mama anaitwa kwa jina la Maria na binti anaitwa kwa jina la Maria, kana kwamba litania nzima imehamia katika nyumba moja ya udongo. Wasomaji wengine huliona hilo kuwa ni dhihaka dhidi ya imani. Mimi siioni dhihaka. Naona baba na mama waliompa mtoto wao jina zuri kuliko yote waliyoyajua, wakadhani jina litafanya kazi iliyobaki. Kanisani kwetu kila Jumapili ya ubatizo naona wazazi wakichagua majina kwa uangalifu mkubwa. Ningefurahi kama theluthi moja ya uangalifu huo ingebaki hadi mtoto anapofika umri wa miaka kumi na miwili.

Na Zakaria je? Katika Injili ya Luka, Zakaria ni yule kuhani aliyefungwa ulimi kwa kutosadiki, akawa bubu mpaka mtoto alipozaliwa. Sidai kwamba mwandishi alikusudia hivyo, lakini jina limefaa mno. Zakaria wa Namagondo ana sauti kubwa kilabuni na fimboni, na ni bubu mbele ya binti yake. Tofauti ni kwamba yule wa Luka aliomba kibao akaandika.

Watu husema kwamba kuzungumza na binti mambo hayo si desturi yetu, ni mambo ya Wazungu. Nimelisikia hilo hata kwa mapadre. Si kweli, na ukumbi wa fasihi ya Kiswahili ni shahidi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mwanamke Mwislamu wa pwani ya kaskazini, akiwa mgonjwa na akijua kwamba huenda asipone, alimwita binti yake akae karibu aandike wasia. Utendi huo upo mpaka leo. Yamo ndani yake mengine ambayo msichana wa leo hatayakubali, hasa juu ya utii kwa mume, nami simlaumu. Lakini mama alisema, na alisema na binti, tena kwa sauti ya mapenzi. Karibu miaka mia moja baadaye Shaaban Robert naye akatunga tenzi za kuwausia watoto wake. Hawa ni wazazi wa Kiswahili, na hapana Mzungu aliyewafundisha.

Hapa hapa Dar es Salaam, kabla maghorofa hayajazimeza nyumba za makuti na za madebe za Kariakoo, mwali wa Kizaramo alitiwa ndani na somo wake akamfundisha. Yale mafundisho yalikuwa na mazuri na mabaya. Wamisionari wengi waliona mabaya tu, wakayakataza yote. Wachache walifikiri zaidi: Askofu Vincent Lucas wa Masasi, Mwanglikana, alijaribu mwanzoni mwa karne iliyopita kuyachukua jando na mafundisho ya wasichana na kuyaweka chini ya msalaba badala ya kuyafuta. Watu wamebishana juu ya jaribio lake kwa muda mrefu, na sina haja ya kuliamua hapa. Nataka tu kusema kwamba aliliona swali. Ukimwondoa somo, ni nani atakayekaa mahali pake? Katika nyumba ya Zakaria jibu ni kwamba hakuna mtu. Somo ameondolewa, katekisimu imeletwa, na katikati ya hivyo viwili pamebaki nafasi pana ambayo msichana anaivuka peke yake.

Sasa niseme jambo ambalo linanihusu zaidi kwa kazi niliyoifanya. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na kila ninaposoma sura za Morogoro huwa naweka kitabu chini kidogo kabla ya kuendelea. Kwa maana mkuu wa chuo yumo humo, na hayumo kama mlezi. Ni mmoja wa wanaume wa Rosa. Kwa asiyejua maisha ya chuo, ni vizuri aelewe mkuu ana nini mkononi. Anatoa ruhusa ya kwenda nyumbani. Anasaini taarifa ya tabia, na taarifa hiyo inaweza kuamua kama mwanachuo atapata cheti. Neno lake linasikika wakati wa kupanga shule za mazoezi ya kufundisha, nani aende karibu na nani aende porini. Msichana wa miaka 19 anayeitwa ofisini saa kumi na mbili jioni hayuko mbele ya mwanamume tu. Yuko mbele ya cheti chake, na mshahara ambao wadogo zake wanausubiri. Mwandishi haelezi hayo yote, hana subira ya kuyaeleza, lakini ameliweka jambo lenyewe mezani mwaka 1971 wakati hakuna aliyethubutu kulitaja mkutanoni. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ilikuja kulitaja waziwazi katika kifungu chake cha 25 mwaka 2007, ikawa kosa kudai ngono kwa kutumia mamlaka. Ni miaka 36 baadaye. Nimewahi kujiuliza kama wale walioharakisha kukiita kitabu hiki kichafu waliudhika kwa sababu ya Rosa au kwa sababu ya mkuu wa chuo.

Baada ya kukisifu hivi, ninayo malalamiko yangu dhidi ya mwandishi.

La kwanza ni dogo. Ana haraka. Sentensi zake fupi, kavu, zilikuwa hewa safi kwetu sisi tuliolelewa katika madoido ya Shaaban Robert, na Kiswahili chake cha bara hakijitii manukato. Lakini mahali pengine haraka hiyo inamponyima msomaji. Mabadiliko ya Rosa kutoka mwoga hadi mtu asiyejali chochote yanapita upesi mno. Tunaambiwa amebadilika pale ambapo tungependa kuona siku moja, usiku mmoja, wazo moja la moyoni mwake.

La pili ni kubwa. Katika kitabu kilichojaa majina ya watakatifu, sioni msamaha wa kibinadamu. Rosa anaporudi nyumbani ametubu kwa namna yake. Anataka maisha ya kawaida. Luka, katika sura ya 7, anatuonyesha mwanamke aliyejulikana mji mzima kuwa mwenye dhambi akiingia nyumbani kwa Farisayo, na hapo anapata maneno ambayo hakuyapata popote. Mwandishi aliyesoma seminari aliijua sura hiyo vizuri. Kwa nini basi hakumpa Rosa hata mtu mmoja, bibi kizee, katekista, jirani, wa kumwambia kwamba njia ya kurudi ipo? Najua jibu la wahakiki: riwaya ni kioo cha jamii, na jamii haikumpa. Nalikubali nusu. Nimeishi katika jamii hiyohiyo, na mtu wa namna hiyo nimemwona, si mara nyingi, lakini nimemwona, kwa kawaida ni mama mjane anayeuza maandazi. Kumwacha nje ya kitabu ni uchaguzi wa mwandishi, na uchaguzi huo ndio unaomuua Rosa pamoja na Charles na Zakaria.

Huyo Charles naye tumemsamehe kwa urahisi mno. Wanafunzi wengi wa kiume niliowafundisha walimwona kuwa mwungwana aliyedanganywa. Mwungwana gani? Barua yake ndiyo iliyoleta kipigo cha kwanza, na hukumu yake ndiyo iliyoleta kifo. Anadai kwa mchumba wake usafi ambao hakuna mtu kijijini anayeudai kwake. Mstari mwekundu wa yule msomaji haukumfikia yeye pia.

Kuhusu mahakama ya mbinguni nitasema machache, kwa kuwa sitaki kumnyang'anya msomaji hukumu yake. Wengine waliiona kuwa kufuru. Mimi naona kwamba mwandishi amefanya jambo ambalo ni Mkristo tu anayeweza kulifanya: ameamini kwamba kuna mahali ambapo binti anaweza kusimama mbele ya baba yake na kusema, naye baba akalazimika kusikiliza. Duniani hapakuwa na mahali hapo. Nilipokisoma nikiwa kijana nilimshangilia Rosa. Sasa nina umri wa babu, na nasikia vizuri zaidi upande wa Zakaria: umaskini, mabinti wengi, hofu ya aibu ya kijiji, na mtu ambaye hakuzungumzwa naye hata yeye alipokuwa mtoto. Kusikia upande wake si kumwachilia.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya 1971. Naomba akumbuke kwamba kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na wasichana wenye mimba walifukuzwa kwa msingi huo. Juni 2017 kiongozi wa juu wa nchi alitamka hadharani kwamba msichana akishapata mimba hatarudi shule ya serikali. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba aliyejifungua anaweza kurudi. Katika miaka hiyo minne na kitu, mabinti wangapi walikaa nyumbani kwa kina Zakaria? Tena Februari 2023 wizara ikapiga marufuku shuleni vitabu 16 kwa ajili ya maadili, na nikasikia wazazi wakipiga makofi. Siwatetei waandishi wa vitabu hivyo, ni vya kigeni na vingine sikuviona kabisa. Nasema tu kwamba mzazi aliyeondolewa kitabu mikononi mwa mtoto wake anabaki na kazi ileile aliyokuwa nayo jana, ya kuzungumza, na sasa hana hata kitabu cha kuanzia.

Hapa nyumbani tunakisoma na mjukuu wangu wa kike, aliye kidato cha pili, sura moja kila Jumamosi jioni umeme ukiwapo. Yeye anasoma kwa sauti, bibi yake anapepeta mchele akijifanya hasikilizi. Baadhi ya kurasa bibi husema "hiyo niachie mimi," nami hutoka nje barazani, nao hubaki wakizungumza kwa muda mrefu kuliko sura yenyewe. Wiki iliyopita tulirudia ukurasa wa barua ya Charles, kwa kuwa alitaka kujua mtu hujuaje kama barua ni ya kweli. Kisha akaniuliza kama mimi nilimwandikia bibi barua ya namna ile. Bibi yake aliweka ungo chini, akanitazama, akasubiri nijibu.